Sura ya 7: Kiganja Chenye Lugha Mbili

Mshale wa kwanza ulikwenda kushoto. Wa pili ukamfuata mwenzake. Wa tatu ulikwenda kushoto na chini, ukajichimbia kwenye nyasi nyuma ya robota la majani makavu, nami nikapoteza robo saa nzima nikipapasa kwa unyayo kuutafuta. Wahenga walisema mshale kwenda msituni haukupotea. Nadhani mhenga huyo alichonga mishale yake mwenyewe, hakuinunua dukani.

Dakika 20 kabla ya hapo mishale yangu 6 ilikuwa imekaa pamoja kwenye robota lilelile, katika eneo ambalo ungeweza kulifunika kwa sahani ya wali. Jicho lilikuwa lilelile, mkono uleule, umbali uleule wa mita 18. Nilichokuwa nimefanya ni kuuweka chini upinde wangu wa rikavu na kuokota upinde mrefu.

Hii ilikuwa Uingereza, katika uwanja wa klabu ndogo ambako siku za Jumamosi huja mzee mmoja, seremala mstaafu, na kiti chake cha kukunja na chupa yake ya chai. Hakuwa mwalimu wetu rasmi, ila alikuwa amepiga upinde tangu kabla sijazaliwa. Alinitazama nikirudi kutoka kwenye nyasi, akafunga kifuniko cha chupa.

"Jicho lako halina kosa, kijana," akasema. "Upinde umeubadilisha. Kiganja hujakibadilisha."

Sura hii ni ufafanuzi wa maneno hayo, pamoja na jambo moja ambalo mzee hakulisema siku ile, nikaja kuligundua mwenyewe baadaye.

Upote unagusa wapi?

Msomaji anayeanza hudhani upinde mrefu ni mrefu na rikavu ni fupi, basi. Sivyo. Rikavu za mashindano ya Olimpiki zinakaribia urefu wa pinde ndefu nyingi za kisasa. Tofauti yenyewe iko kwenye ncha, na njia rahisi ya kuijua ni kuutazama upote, yaani kamba ya upinde, upinde ukiwa umeshatiwa upote lakini haujavutwa.

Kwenye upinde mrefu upote unagusa sehemu mbili tu: ncha ya juu na ncha ya chini. Hata kanuni za shirikisho la dunia, World Archery, kwa mashindano ya kulenga sanamu za wanyama, zinautambua upinde mrefu kwa alama hiyo: upote usiguse sehemu nyingine yoyote isipokuwa pale unapofungwa. Kwenye rikavu, ncha zimekunjwa kuelekea mbele, upande wa shabaha, hivyo upote hulala juu ya ule mkunjo kwa sentimita kadhaa kabla ya kufika mwisho.

Mguso huo mdogo ndio unaozaa tofauti nyingi. Unapoanza kuvuta rikavu, upote bado umelala kwenye mikunjo, na upinde unajifanya mfupi na mkaidi. Ukiendelea kuvuta, upote unanyanyuka kutoka kwenye mikunjo, mabawa yanapata nyenzo ndefu zaidi, na ule uzito unaoutarajia uongezeke kwa kasi mwishoni unaongezeka taratibu. Kwa hiyo rikavu huweka akiba ya nguvu nyingi mapema, na mkono hupumua pale unapofika mdomoni. Upinde mrefu ulionyooka hauna ujanja huo. Unapanda hatua kwa hatua, na ukiuvuta kupita kipimo chake unakataa, tena unakataa kwa ghafla.

Ndiyo maana pinde mbili zenye uzito uleule wa kuvuta, tuseme ratili 45 kila mmoja, hazirushi mshale kwa kasi moja. Kwa kawaida rikavu huurusha haraka zaidi, na mshale hupita juu ya mstari ulionyooka zaidi. Ukiwa mita 10 hutaona kitu. Ukiwa mita 30, mshale wa upinde mrefu utatua chini ya ule wa rikavu hata kama umelenga vilevile.

Watu wa upinde mmoja

Kubadilisha pinde ni tatizo la watu wa leo. Wapiga upinde wakubwa wa historia hawakulijua, maana kila mmoja alizaliwa ndani ya upinde mmoja.

Tarehe 19 Julai 1545 meli ya kivita ya mfalme Henry VIII, Mary Rose, ilizama karibu na Portsmouth. Tope la bahari likaifunika na kuitunza. Mabaki yake yaliinuliwa tarehe 11 Oktoba 1982, na katika uchimbaji wake zilipatikana pinde ndefu 172 na maelfu ya mishale. Pinde hizo zina urefu wa kati ya mita 1.87 na 2.11, na zimechongwa kwa mti wa yuu, mti ambao maumbile yameufanyia nusu ya kazi ya fundi: ngozi yake nyeupe ya nje inastahimili kuvutwa, na moyo wake mwekundu wa ndani unastahimili kubanwa. Fundi alichonga mti huo mmoja ili weupe ukae upande wa shabaha na wekundu upande wa mpigaji. Watafiti wanakadiria kwamba kuzivuta kulihitaji nguvu ya ratili 100 hadi 185. Ratili 100 ni kilo 45, na askari wa meli hiyo alizivuta kwa vidole, tena na tena. Katika baadhi ya mifupa iliyopatikana ndani ya meli, kipande cha mfupa wa bega hakikuungana kama kinavyoungana kwa watu wengi, hali ambayo watafiti wanaihusisha na kuvuta pinde nzito tangu utotoni. Mtu kama huyo hakuwa na haja ya kubadilisha upinde. Upinde ulikuwa umeshambadilisha yeye.

Mwaka huohuo wa 1545 msomi Roger Ascham alitoa kitabu chake Toxophilus, kitabu cha kwanza cha Kiingereza juu ya upigaji upinde. Aliugawa upigaji katika mambo matano: kusimama, kupachika mshale, kuvuta, kushikilia na kuachia. Yaweke kichwani mambo hayo, tutayarudia.

Huku Waingereza wakichonga mti mmoja, Waturuki na watu wa nyika za Asia waliunganisha vitu vitatu. Ndani waliweka mti, upande wa mpigaji wakabandika pembe inayostahimili kubanwa, upande wa shabaha wakabandika kano za mnyama zinazostahimili kuvutwa, na vyote wakavishika kwa gundi iliyochemshwa kutoka kwa samaki au ngozi. Matokeo yake ni upinde mfupi wenye ncha zilizopinda, unaomfaa mtu aliye juu ya farasi. Katika miaka ya 1790 Mahmud Effendi, katibu wa balozi wa Dola ya Osmani jijini London, alipiga upinde wa namna hiyo mbele ya Waingereza wa chama cha wapiga upinde, na mshale wake ukaruka zaidi ya yadi 400. Waingereza waliokuwa wakijivunia pinde zao ndefu walibaki kuuhesabu umbali. Upigaji upinde wa jadi wa Waturuki uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2019.

Kwa nini basi Mwingereza hakuiga? Unyevu ni sababu mojawapo: gundi ya mnyama haipendani na mvua isiyokoma. Na Mturuki angefanya nini na fimbo ya mita 2 juu ya farasi? Kila upinde ulikuwa jibu la swali la mahali pake.

Daktari aliyejifunza mara mbili

Mtu aliyebadilisha kwa kujua anachofanya tunampata California. Mwezi Agosti 1911 mtu mmoja wa kabila la Wayahi, wa mwisho katika watu wake, alitokea karibu na mji wa Oroville. Ulimwengu ukamjua kwa jina la Ishi. Daktari wake, Saxton Pope, alikuwa pia rafiki yake, na Ishi akamfundisha kuwinda kwa upinde. Upinde wa Ishi ulikuwa mfupi, haukufika mita 1 na robo, wenye kano mgongoni, na aliuvuta kwa kidole gumba.

Ishi alifariki mwaka 1916. Pope aliendelea, lakini hakuendelea na upinde wa mwalimu wake. Yeye na mwenzake Arthur Young walijenga pinde ndefu za yuu za mtindo wa Kiingereza, wakajifunza upya kuvuta kwa vidole. Mwaka 1925 wawili hao, pamoja na mwandishi Stewart Edward White aliyebeba bunduki ya kuwalinda, walifika Tanganyika kuzijaribu pinde hizo kwa simba, na mwaka uliofuata Pope akachapisha kitabu juu ya safari hiyo.

Kinachonivutia kwa Pope si simba wake. Ni kwamba hakuchanganya. Alichokibakiza kutoka kwa Ishi ni utulivu, kunyata, kumsoma mnyama. Alichokiacha ni mshiko na mvuto. Alijua kipi ni cha mpigaji na kipi ni cha upinde.

Waliofuata Marekani waligawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga. Upande mmoja alikuwepo Howard Hill, bingwa wa upinde mrefu, ambaye mishale yake inaonekana katika filamu ya Robin Hood ya mwaka 1938, na ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitoa filamu ya safari yake ya kuwinda Afrika na kuipa jina la Kiswahili, Tembo. Upande wa pili alikuwepo Fred Bear wa Michigan, aliyeifanya rikavu ya mbao na faibaglasi kuwa upinde wa mwindaji wa kawaida. Hadi leo ukikaa na wapiga upinde wa jadi utasikia mabishano hayo. Wengi wao, wakienda nyumbani, wana pinde zote mbili ukutani.

Wanaobadilisha mishale

Kabla ya kurudi uwanjani, tupite Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Mwindaji wa Kihadzabe hujichongea upinde wake, husokota upote wake kwa kano za mnyama, na hutembea na upinde huo mmoja. Si upinde wa kuchezea. Wenye kuhitaji ratili 60 au 70 kuuvuta si wa ajabu huko. Vivyo hivyo Waata wa upande wa Tsavo, Kenya, wawindaji wa tembo wa zamani, ambao pinde zao ndefu zinatajwa kupita ratili 100.

Ukimtazama Mhadzabe kwa makini, utaona kwamba kuna kitu anachobadilisha kila saa. Ana mshale wa ncha ya mti kwa ndege na wanyama wadogo, mshale wa chembe cha chuma, na mshale wa chembe kilichopakwa sumu kwa mnyama mkubwa. Akiona kanga anachomoa huu, akiona pofu anachomoa ule. Kwake upinde ni mmoja na mshale ndio unaofuata kazi.

Nilikuwa nimesoma habari hizo zamani bila kuziona maana yake. Nilizielewa baada ya siku ile ya mishale mitatu iliyokwenda kushoto, nilipogundua kwamba mzee wa chupa ya chai alikuwa ametaja nusu tu ya kosa langu. Nusu ya pili ilikuwa ndani ya podo.

Nusu ya kwanza: kiganja

Nyosha mkono wako wa kushoto mbele, kama unayemzuia mtu asiingie mlangoni. Sasa tazama ile nyama iliyo chini ya kidole gumba. Kwenye rikavu, uzito wote wa upinde unatua hapo. Mshikio wa rikavu umechongwa kama kitako cha bastola: una shingo nyembamba na bonde, na kiganja kikiingia humo hakina pa kwenda kwingine. Vidole vinabaki vimelegea. Wapigaji wengi hata hawaushiki upinde. Wanausukuma tu, na kuuacha uanguke kidogo mbele mshale ukishaondoka.

Upinde mrefu wa jadi hauna bonde. Ni fimbo iliyozungushiwa kipande cha ngozi. Hapo mkono hushuka, kiwiko kinalegea kidogo, na uzito unahamia kwenye kisigino cha kiganja, chini, karibu na kifundo cha mkono. Vidole navyo vina kazi: vinaushika upinde kama unavyoshika mpini wa ndoo ya maji, kwa uthabiti lakini bila kukamua. Kwenye upinde mrefu wa Kiingereza wenyewe, mshale hauna hata rafu ya kukalia. Unapumzika juu ya ngumi yako, na unyoya ukipita vibaya unakuchana.

Sasa chukua kiganja cha rikavu ukitie kwenye upinde mrefu. Kitatafuta bonde, kisilione. Kitapapasa. Kwa mshale wa kwanza kitashika hapa, kwa wa pili pale, na kila tofauti ya milimita chache kwenye kiganja inauzungusha upinde kidogo wakati wa kuachia. Ukifanya kinyume, ukatia kiganja cha ndoo kwenye rikavu, utaubana mshikio ambao haukuomba kubanwa, nao utajipinda pembeni. Jicho litaona makosa kule kwenye shabaha na kuanza kurekebisha ulengaji ambao hauna kasoro. Hapo ndipo watu huharibikiwa: wanahamisha ulengaji ili kuficha mshiko, kisha wakirudi kwenye upinde wa kwanza wanakuta nako kumeharibika.

Nusu ya pili: podo

Mshale unapoachiwa hauendi kama risasi. Upote unausukuma kwa nyuma, kichwa kinakawia mbele, na wano, yaani mti wa mshale, linajikunja kama samaki anayeogelea. Kwenye upinde mrefu, ambao mbao yake haikukatwa hadi katikati, mshale huanza ukielekea pembeni kidogo. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, unaelekea kushoto. Ni lazima ujikunje na kuuzunguka upinde, kisha ujinyooshe kwenda kwenye shabaha. Mnamo miaka ya 1930 mwanasayansi wa Marekani, Clarence Hickman, aliupiga picha mwendo huo kwa kamera za kasi, na wasioamini wakaona kwa macho.

Ili mshale ufanye hivyo, wano liwe na ulaini unaoendana na upinde. Likiwa gumu mno halijikunji vya kutosha, na mshale unabaki kule ulikoanza kuelekea: kushoto. Rikavu nyingi za kisasa zimekatwa hadi katikati au kupita kidogo, kwa hiyo zinavumilia mawano magumu. Mishale yangu ilikuwa imechaguliwa kwa rikavu. Ilipowekwa kwenye upinde mrefu ikafanya kilekile ambacho fizikia iliiagiza.

Hilo ndilo mzee hakulisema. Angekuwa amekaa na Mhadzabe, angelisema.

Kuna pia uzito wa mshale wenyewe. Kwa upinde wa ratili 45, mshale wa gramu 29 hivi ni salama na mtulivu, na upinde mrefu hasa huupenda mshale mzito. Mabawa yake yaliyonyooka yana nguvu zinazobaki baada ya mshale kuondoka, na nguvu hizo zisipochukuliwa na mshale hurudi mkononi kama mtikisiko unaofika hadi kwenye kiwiko. Rikavu ina mwili mzito wa katikati unaoumeza mtikisiko huo. Anayehamia upinde mrefu na mshale mwepesi atadhani upinde una hasira naye.

Mambo matano ya Ascham, na lipi liguswe

Rudi sasa kwenye orodha ya Ascham. Kusimama: halibadiliki. Miguu yako haijui umeshika upinde gani. Kupachika: halibadiliki, ila sehemu ya kupachikia kwenye upote hupimwa upya kwa kila upinde. Kuvuta: misuli ni ileile ya mgongo, bega ni lilelile, kinachobadilika ni hisia tu, maana rikavu inakaza mapema na upinde mrefu unakaza mwishoni. Kushikilia: kituo ni kilekile, kwa wengi ni pembe ya mdomo. Kuachia: vidole vilevile, utulivu uleule.

Kati ya matano, hakuna hata moja linalodai mtu mpya. Kinachobadilika ni kiganja cha mkono unaoshika upinde, ambacho Ascham hakukipa nafasi yake peke yake kwenye orodha, na mishale iliyo mgongoni. Ukibadilisha zaidi ya hayo unajiongezea kazi. Ukibadilisha pungufu ya hayo, utautafuta mshale wako kwenye nyasi.

Vipo vipimo viwili vya kuangalia kabla hujavuta. Cha kwanza ni umbali kati ya mshikio na upote. Kwenye upinde mrefu, wazee hupima kwa ngumi: weka ngumi juu ya mshikio, simamisha kidole gumba, kiguse upote. Ni sentimita 15 hadi 17 hivi. Rikavu inataka zaidi, mara nyingi kati ya sentimita 19 na 23. Ukiizoea rikavu, utauona upote wa upinde mrefu uko karibu mno na kifundo cha mkono. Vaa kinga ya mkono, maana utakuchapa. Cha pili ni urefu wa mvuto. Kwa kuwa mshiko wa upinde mrefu unalegeza kiwiko, wengi huvuta inchi nzima pungufu. Upinde ulioandikwa ratili 45 kwa inchi 28 utakupa ratili 2 au 3 chini ya hapo. Usikimbilie kununua mzito zaidi ili kufidia. Zizoee kwanza zile ratili ulizo nazo.

Na kutia upote. Upinde mrefu unavumilia kupindwa kwa mkono na goti na mtu anayejua. Rikavu usiifanyie hivyo, na usipitishe mguu kati ya upote na upinde kama unavyoona kwenye filamu. Ncha zake zikipindwa kwa upande zinakunjika kama ubao uliolowa, na hazirudi. Tumia kamba ya kutilia upote. Na upinde wowote, mrefu au rikavu, usiuachie upote mtupu bila mshale.

Kila lugha na nyumba yake

Mtoto wa Bukoba anazungumza Kihaya na bibi yake na Kiswahili shuleni, na hakuna anayeshangaa. Hachanganyikiwi, kwa sababu kila lugha ina mtu wake na mahali pake. Akimwona bibi, ulimi unajua. Kiganja nacho kinafundishika hivyo, ukikipa mahali.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Kila upinde una podo lake, na mishale yake ina rangi yake: manyoya mekundu kwa upinde mrefu, meupe kwa rikavu. Sikopeshi. Kila upinde una glovu yake, na ngozi ya mshikio wake nimeiacha na hisia tofauti makusudi: ule mrefu una ngozi yenye mikwaruzo, rikavu ni laini. Kabla jicho halijaona shabaha, kiganja kimeshasikia kiko nyumbani kwa nani.

Nikihama kutoka upinde mmoja kwenda mwingine, mishale 12 ya kwanza siipigi kwenye shabaha. Nasimama mita 3 kutoka kwenye robota tupu, navuta, nafumba macho, naachia. Kwa umbali huo na macho yakiwa yamefumbwa, hakuna cha kulenga wala cha kuonea aibu. Kinachobaki ni kiganja na mgongo. Mara nyingi kwenye mshale wa 5 au wa 6 mkono unakumbuka, kama mtu anayerudi kijijini na kuanza kusalimia kwa lafudhi ya kwao. Ndipo napiga hatua nyuma, mita 10, kisha 18. Na sipigi pinde zote mbili siku moja nikiwa nimechoka. Uchovu unaifuta lafudhi kwanza.

Kwa anayeanza, nasema bila kuzungukazunguka: usibadilishe. Piga upinde mmoja kwa mwaka mzima, hata ukitamani wa jirani. Kiganja kisicho na lugha ya kwanza hakiwezi kuwa na ya pili. Kwa mwenye mashindano mbele yake, nasema vivyo hivyo: miezi miwili kabla ya siku yako, ule mwingine uning'inize ukutani. Medali za Olimpiki za rikavu hupigwa mita 70, kwenye shabaha ya sentimita 122 ambayo duara lake la 10 lina upana wa sentimita 12.2, na huko hakuna nafasi ya kiganja kinachowaza.

Kwa wengine wote, upinde wa pili ni mwalimu. Rikavu itakuonyesha jinsi upigaji safi unavyoonekana, maana inakusamehe. Upinde mrefu utakuonyesha ulikuwa unasamehewa nini. Mimi niliporudi kwenye rikavu baada ya miezi mitatu ya upinde mrefu, mishale yangu ilikaa karibukaribu kuliko zamani. Rikavu ilikuwa ileile. Nilikuwa nimejifunza kushika.

Mshika mbili moja humponyoka, na wahenga hawakukosea. Walimsema mtu anayezishika zote kwa wakati mmoja na kwa mkono mmoja. Wewe zishike kwa zamu. Na siku mshale wako wa kwanza ukienda kushoto, usiliguse jicho. Tazama kiganja, kisha geuka utazame podo.